Mia ya Mama Yako na Mia Yangu

Molo, Januari 1959

Rhoda mwanangu,

Jeshini tulifundishwa kwamba barua huanza na salamu, na salamu ziwe ndefu, kwa sababu anayeandikiwa yuko mbali na hajui kama mwandishi yu mzima. Wewe uko upande wa pili wa ukuta huu wa mbao. Nakusikia ukicheka na mama yako. Basi salamu nimeziacha. Barua hii nitakupa mkononi kesho, na nakuomba usiifungue mpaka garimoshi lipite Gilgil. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika, na kwa kuwa mambo haya kwa mdomo yangenishinda.

Habari za blanketi, sabuni na nauli ya kurudi likizo kutoka chuoni mama yako amezimaliza. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu. Ni habari za shilingi mia mbili. Sehemu yake unaijua kuliko mimi, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha. Sehemu nyingine huijui, kwa sababu niliificha.

Niliporudi kutoka vitani ulikuwa na miaka minne, na ulinikimbia. Ulijificha nyuma ya mama yako ukamwuliza, "Huyu askari anataka nini kwetu?" Nilicheka siku hiyo, lakini iliniuma. Serikali ilikuwa imetupa malipo ya kuagana na jeshi. Nilinunua mabati ya nyumba hii, nikapeleka ng'ombe wa mwisho wa mahari kwa wajomba zako, zikabaki shilingi mia mbili. Nilizipanga mezani ili mama yako azione. Nilitaka anisifu.

Mama yako aliziangalia kidogo, kisha akasema, "Nusu ni yangu, Baba Rhoda."

Nikamwuliza kwa vipi.

"Miaka minne nimelima shamba hili peke yangu na mtoto mgongoni. Nimechuma maua ya pareto ya bwana mzungu kwenye baridi mpaka vidole vikapasuka. Wewe ulilipwa na serikali. Mimi nani atanilipa?"

Nikampa mia moja. Lakini nilimpa kama mtu anayemtuliza mtoto, nikijua moyoni kwamba atazipoteza na mimi nitakuja kumwokoa.

Mimi mia yangu niliipeleka kwa Mzee Filipo, yule mwenye mashine ya kusaga unga pale karibu na stesheni. Wakati ule mashine ilikuwa bado ndoto yake. Alikuwa anatafuta watu wa kumsaidia kununua injini, na maneno yake yalikuwa mafupi. Weka mia moja kwangu. Kila Januari nitakupa shilingi kumi. Mia yako inabaki mia, na siku utakayoitaka utaipata. Nataka uelewe, Rhoda, kwamba Mzee Filipo hakunidanganya hata siku moja. Miaka yote alinipa kumi yangu, noti safi, mbele ya watu waliopanga foleni na magunia yao. Kwa hiyo nisikusikie ukimlaumu.

Mama yako mia yake aliipeleka kwenye kile chama cha akiba kilichoanzishwa na watu wa kanisa letu, kununua mayai na maziwa ya watu wa mashambani na kuyauza Nakuru. Chama hakikuahidi kumi. Kiliahidi saba. Kila Januari, kwa kila mia, kiliongeza saba, na usipozichukua zinaingia kwenye mia yako, na Januari inayofuata zile saba nazo zinahesabiwa.

Mimi niliona kumi, nikaona saba. Sikuona kitu kingine. Mtu aliyejua kusoma ramani na kutuma ujumbe kwa waya hakuona kitu kingine.

Januari ya kwanza nilirudi nyumbani na noti yangu. Mama yako alirudi na kitabu kidogo cha rangi ya kahawia chenye mstari mmoja wa wino: mia moja na saba. Januari ya pili mimi noti nyingine. Kitabu chake kikasema mia moja kumi na nne na senti arobaini na tisa. Nilimwuliza hizo senti arobaini na tisa zimetoka wapi. Akasema karani amemweleza kwamba ni saba iliyozaliwa na ile saba ya mwaka uliotangulia. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mwaka mzima, kila aliponiomba pesa ya chumvi, nilimwambia akachukue zile senti zake zilizozaliwa. Nilimwambia hivyo mbele ya wageni pia. Na yeye alitabasamu, akaenda kununua chumvi kwa pesa ya viazi vyake.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza nililoficha. Kila mtu alijua kwamba mimi, Zakayo, ninaweka kumi zangu kwenye kopo. Hata wewe ulijua. Nilisema hivyo, na kopo lilikuwa pale juu ya kabati, limefungwa. Lakini kumi ya kwanza nilinunua kofia. Ya pili iliishia kwenye nyama na rafiki zangu wa jeshini waliopita hapa wakienda Eldoret. Ya tatu ilikuwa tochi, na viatu, na sikumbuki nini. Noti ikiwa mkononi huona mahali pa kwenda. Nilikuwa nikirudisha kidogo, nikichukua tena. Mwaka wa sita nilijigamba kwamba nina mia na sitini, na mama yako ana mia na hamsini tu. Kitabu chake kilisema kweli. Kopo langu halikuwa na sitini.

Mwaka wa saba unaukumbuka, ingawa ulikuwa mdogo. Lori lilikuja asubuhi kuwachukua majirani zetu Wakikuyu, kama ilivyokuwa kwenye mashamba mengi mwaka ule wa hali ya hatari. Wanjiru, yule aliyekuwa akikubeba mama yako anapokwenda pareto, alikuwa tayari juu ya lori na watoto wake na sufuria yake. Mama yako alikimbia mpaka barabarani. Nilikuwa nikitoka kwenye zizi na madebe ya maziwa, nikawaona. Wanjiru aliinama juu ya ubao wa lori, akampa kitu ndani ya kitambaa.

"Berita, nitunzie hiki," alimwambia. "Nikikutwa nacho huko tunakopelekwa, sijui askari watakiitaje."

Kilikuwa kitabu chake cha chama. Alikuwa na shilingi hamsini.

Wiki hiyo watu walianza kutoa pesa zao. Nusu ya wanachama walikuwa wamepelekwa na malori, waliobaki wakaogopa. Nilimwambia mama yako, "Kachukue mia yako leo, kabla hawajafunga mlango."

"Nikichukua mimi, atabaki nani?"

"Hiyo si kazi yako."

"Kitabu cha Wanjiru kiko ndani ya mtungi wangu wa mahindi," akasema. "Chama kikifa, pesa zake zimekufa. Ni kazi yangu."

Siku ya pili nilikwenda chamani mwenyewe, nikamwambia karani nimekuja kutoa pesa za mke wangu. Karani yule kijana alinisalimu vizuri, akaniambia kitabu kina alama ya kidole cha Berita, na kidole changu hakifanani nacho. Watu walikuwa nyuma yangu wanasikia. Nilirudi nyumbani na hasira, na kwa wiki tatu sikuongea na mama yako. Wewe ndiwe uliyekuwa ukipeleka maneno. Nilikuwa nikikwambia, "Mwulize mama yako chakula kiko wapi," naye yuko hapo hapo, hatua mbili kutoka kwangu. Nawe ukamgeukia ukamwuliza, na ukanigeukia ukaniambia, "Mama anasema kiko mekoni." Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Hukuwahi kulalamika. Leo nikikumbuka ule uso wako ukigeuka huku na huku, naona aibu kuliko nilivyoona mbele ya karani.

Chama hakikufa. Kilibaki kidogo, wanawake wengi, na mayai yao yaliendelea kwenda Nakuru.

Sasa nafika kwenye ukuta.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa nane. Ulikuwa umeanza darasa jipya, na mwalimu alikuwa amewafundisha kuchora hesabu kwenye karatasi ya miraba. Mimi nilikuwa nimepiga ukuta wa sebule chokaa kwa ajili ya Krismasi. Nilirudi kutoka kukamua, nikakukuta umesimama na kipande cha mkaa, na ukuta wangu una mistari miwili mirefu kama barabara. Mmoja ulikuwa umenyooka, unapanda kwenda juu. Mwingine ulianza chini ya ule wa kwanza, ukawa unajipinda polepole kuufuata.

"Baba, njoo uone," ulisema. Hukujua kwamba nimeudhika. "Huu ulionyooka ni wewe. Kila mwaka unapanda hatua moja, kumi, na hatua haibadiliki. Huu ni mama. Hatua yake ya kwanza ilikuwa saba. Ya pili saba na nusu hivi. Ya tatu nane. Inakua, kwa sababu kila mwaka saba inahesabiwa juu ya pesa nyingi zaidi. Mwaka jana hatua ya mama ilipita kumi."

"Lakini bado namzidi," nilisema.

"Ndiyo, unamzidi. Mwaka juzi ulimzidi kwa shilingi tisa na senti tisini na kitu. Mwaka jana tisa na arobaini na kitu. Mwaka huu ni nane na kidogo. Tofauti inapungua, Baba. Mwaka wa kumi bado utakuwa mbele, kwa shilingi tatu tu. Mwaka wa kumi na moja mama atakupita kwa kama nusu shilingi. Baada ya hapo hutamwona tena. Mwaka wa ishirini wewe utakuwa na mia tatu, yeye atakuwa na mia tatu themanini na zaidi."

Mama yako alikuwa mlangoni na debe la maji. Alikuwa anaangalia ule mstari uliopinda kana kwamba mtu amemletea picha yake mwenyewe, naye hajawahi kupigwa picha.

Rhoda, ningeweza kusema maneno mengi siku ile. Niliona kwamba ni kweli. Usidhani sikuona. Jeshini nilipima umbali kwa macho, na niliona wazi mistari ile inakokwenda. Na niliona jambo ambalo wewe hukulijua: kwamba umenichorea mstari wa mtu anayeweka kumi zake zote, na mimi sikuziweka. Ulinipa heshima ambayo sikuwa nayo. Nilichosema ni, "Nani amekuruhusu kuchafua ukuta wangu? Chukua maji ufute."

Uliniangalia mara moja. Kisha ulichukua debe mikononi mwa mama yako, ukafuta. Chokaa ilitoka pamoja na mkaa, ukuta ukabaki na baka la kijivu. Ulifuta wote, na ulipomaliza ulisema, "Nimemaliza, Baba," kwa sauti ile ile ya kila siku.

Nimepigana na watu walionifyatulia risasi, na sijawahi kushindwa vibaya kama nilivyoshindwa asubuhi hiyo na mtoto mwenye kitambaa cha kufutia. Sikukuomba msamaha. Nilidhani baba haombi. Nakuomba leo, miaka mitano baadaye. Nisamehe.

Wewe hukuacha hesabu. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mtoto mwingine angesema, kama hesabu inaleta ugomvi, basi. Wewe uliendelea kuchora kwenye vipande vya magunia ya karatasi ya chakula cha ng'ombe, na ulipofanya mtihani wa darasa la nane, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kwa miguu mpaka kwenye zizi kuniambia. Alikanyaga mavi ya ng'ombe kwa viatu vyake vizuri, na hakujali.

Nafasi yako ya shule ya bweni ilikuja Januari ya mwaka wa kumi na moja. Mwezi ule ule mama yako alirudi kutoka chamani, akaweka kitabu mezani mbele yangu, wazi. Mia mbili na kumi na senti hamsini. Mia mbili na kumi ndiyo ingekuwa yangu. Nusu shilingi, kama ulivyosema. Nilingoja anicheke. Nilistahili. Alisema tu, "Ada ya Rhoda inatakiwa wiki ijayo. Nitoe hizi?"

Nilimwambia angoje. Nilichukua kopo kutoka juu ya kabati, nikalifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na shilingi thelathini na moja. Nikamweleza habari ya kofia, na nyama, na tochi, zote. Ilichukua muda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ile kofia ni ile iliyochukuliwa na upepo Mau Summit?" Nikasema ndiyo. Akacheka, Rhoda, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikaanza kucheka pia, na tangu siku hiyo nyumba hii imekuwa nyepesi.

Lakini bado palikuwa na ada. Mama yako alikuwa tayari kutoa zake. Nami nikaona kile ulichokuwa ukinionyesha ukutani. Nikitoa mia kwa Filipo, ninapoteza kumi kwa mwaka, basi. Tukitoa mia kwenye kitabu chake, tunapoteza saba mwaka huu, na saba na nusu mwaka ujao, na nane, na kila kitakachozaliwa na hizo mpaka tuzeeke. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililinganisha vitu viwili kwa jinsi vinavyokwenda, si kwa jinsi vilivyosimama siku hiyo. Nilikwenda kwa Mzee Filipo, nikamwambia nimekuja kuchukua mia yangu. Alizima mashine ili tusikilizane.

"Nimekukosea?" aliniuliza.

"Hapana, mzee. Mtoto anakwenda shule."

Alinihesabia mia, na akaongeza debe la unga kwa ajili yako. Mwaka uliofuata niliuza koti langu la jeshi na ndama mmoja. Wewe ulidhani ni pesa za mama yako zilizokusomesha, na nilikuacha udhani hivyo, kwa kuwa bila yeye nisingejua nitoe zipi. Sikwambii leo ili unishukuru. Nakwambia ili ujue kwamba kitabu cha mama yako hakijaguswa tangu alipokifungua. Mwezi huu kinasema mia mbili arobaini na moja na senti moja. Jumatatu alikwenda chamani, akamwambia karani aandike jina lako chini ya lake.

Na sasa nikuambie niliyoyaona Desemba, kwa sababu ulikuwa mbele na hukuweza kuniona mimi nyuma.

Unakumbuka mkutano ule wa chama ulivyoanza kwa kelele. Watu walitaka chama kibadilishe kanuni, kiache saba inayoongezeka na kianze kutoa kumi taslimu kila Januari kwa kila mia mtu aliyoweka mwanzoni. Walisema Filipo anatoa kumi, kwa nini chama cha kanisa kitoe saba. Niliwasikia wakisema maneno yangu yote, neno kwa neno, na watu wanapiga makofi. Kisha mama yako akasimama. Hajawahi kusimama kwenye mkutano. Akasema, "Mimi sijui kueleza. Naomba msichana wangu aeleze," akaketi upesi.

Ulikwenda kwenye ubao wa shule ya Jumapili. Ulichora mistari miwili, polepole, ukawauliza watu wahesabu nawe kila mwaka. Mwaka wa tatu walikuwa wanacheka kwamba saba inachelewa. Mwaka wa nane walinyamaza. Mwaka wa kumi na moja mtu mmoja alisema kwa sauti, "Imepita," na watu wakasogeza viti mbele.

Ungeweza kuishia hapo, na wangekupigia makofi. Ndipo yule bibi kizee anayeuza bata akakuuliza, "Na mimi, mjukuu wangu, miaka kumi na moja nitaitoa wapi?"

Nilijua ungemwambia nini kama ungekuwa mtu wa kutaka kushinda. Ulimwuliza, "Nyanya, pesa unazitaka zikufae lini?" Akasema mwaka huu na mwaka ujao, paa linavuja. Ukamwambia, "Basi kwako kumi taslimu ni bora. Mstari ulionyooka uko juu miaka kumi mizima. Saba ni ya mtu anayeweza kungoja."

Na karani, ambaye sasa ana watoto na kipara, akauliza, "Je, chama kikianguka kabla ya huo mwaka wa kumi na moja?"

Ukamgeukia, chaki mkononi. Ukasema, "Hesabu haiwezi kuniambia kama chama kitasimama. Inaniambia tu kitakachotokea kikisimama. Kusimama ni kazi yetu."

Wanjiru alikuwa ameketi karibu nami. Unajua amerudi mwaka jana, na kwamba mama yako alimpa kitabu chake kikiwa bado ndani ya kile kitambaa. Hamsini yake ilikuwa imekuwa sabini na senti chache. Alipoambiwa alikaa chini kwenye kizingiti chetu, akakishika kitabu bila kukifungua. Siku ya mkutano, mtu mmoja wa shamba la ng'ambo alininong'oneza akiuliza, "Huyu ni binti wa nani?" Nikafungua mdomo kumjibu, sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Wanjiru ndiye aliyegeuka akamwambia, "Ni wa huyu mzee. Mwache, atakujibu baadaye."

Mlikubaliana kila mtu achague mwenyewe, kumi ya taslimu au saba inayoongezeka, na nilipenda kwamba hukumlaumu aliyechagua kinyume chako. Mimi nimeishi miaka arobaini na minne nikidhani kwamba aliye mbele ndiye aliyepata. Wewe una miaka kumi na saba na unauliza kwanza, mbele mpaka lini. Sijui swali hilo ulilitoa wapi. Halikutoka kwangu. Kwa mama yako, labda, ila yeye alilijua bila chaki.

Utakutana na watu chuoni walio mbele yako sana, waliosoma shule zenye madirisha ya kioo na vitabu vya kila mtu. Nilitaka kukuandikia neno juu ya hilo, nikaandika mistari mitatu, nikaikata. Unajua zaidi yangu. Neno langu ni moja tu: siku mtoto fulani darasani kwako atakapokuonyesha kitu ambacho hukukiona, na watu wanatazama, na unajisikia uso unawaka moto, mwite karibu umwulize amekionaje. Mimi sikufanya hivyo, na najua gharama yake.

Sasa nimalize, mama yako anauliza kama ninaandika barua au kitabu.

Juzi nilikwenda kwa bwana kuomba ruhusa ya siku moja. Miaka kumi na mitatu nimemkamulia ng'ombe wake, mvua na baridi, Krismasi na Pasaka, na sikuwahi kuomba siku. Aliweka gazeti chini.

"Kuna msiba, Zakayo?"

"Hapana, bwana. Binti yangu anakwenda chuo cha ualimu. Atafundisha hesabu. Nataka kwenda naye mpaka Nakuru nimwone akipanda garimoshi."

Akaniuliza, "Na ng'ombe watakamuliwa na nani?"

Nikamwambia sijui, ila siku hiyo mimi nitakuwa Nakuru na binti yangu.

Baba yako,
Zakayo